Fundi Sinan: Mwanajeshi, Mhandisi na Mzazi



Ndugu msomaji, Ramadhani ikiingia huwa twakumbushana habari za Badri, za Fat-hu Makka, za Salahuddin na za Tariq bin Ziyad. Ni mambo ya kheri na yafaa tuyarudie. Lakini mara hii hebu tumtizame mwanajeshi ambaye jina lake ni nadra kulisikia kwenye mihadhara yetu, ilhali picha za kazi yake zimejaa majumbani mwetu. Ule msikiti wenye kuba kubwa na minara myembamba kama penseli, unaouona kwenye kalenda ukutani kwa kinyozi, kwenye msala wa kuswalia, hata kwenye kadi za Idi, aghalabu huwa ni kazi ya mkono wake au ya mwanafunzi wake.

Anaitwa Sinan. Waturuki humwita Mimar Sinan, yaani Sinan mjenzi. Alizaliwa karibu na mwaka 1490 na akafariki mwaka 1588. Hebu piga hesabu mwenyewe. Katika umri huo wa karibu miaka mia, robo ya kwanza aliishi kijijini kwao, robo ya pili akawa jeshini, na nusu yote iliyobaki aliipitisha juu ya majukwaa ya ujenzi. Aliwatumikia masultani watatu akiwa mkuu wa wajenzi: Suleiman, kisha mwanawe Selim wa Pili, kisha mjukuu Murad wa Tatu. Na katikati ya hayo yote alikuwa mume na baba, mwenye mabinti wawili na mtoto wa kiume ambaye alimtangulia mbele ya haki.

Mtoto aliyechukuliwa kwao

Sinan hakuzaliwa Muislamu. Alizaliwa katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri, katikati ya nchi ambayo leo ni Uturuki, kwa wazazi Wakristo. Zama hizo dola ya Uthmaniya ilikuwa na utaratibu ulioitwa devşirme. Maafisa wa Sultan walikuwa wakipita vijijini mwa raia Wakristo, wakichagua vijana wenye afya na akili, na kuwapeleka Istanbul. Huko walisilimishwa, wakafunzwa lugha na dini, halafu wakagawanywa: wengine kasri, wengine jeshi la Janisari. Utaratibu huu ulianza sehemu za Balkani, na katika zama za Sultan Selim wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1512 hadi 1520, ukafika hadi upande wa Kayseri. Ndipo Sinan akachukuliwa, tayari akiwa kijana mkubwa kuliko kawaida ya wale waliochukuliwa.

Sasa, ndugu zangu, hapa tusipake rangi. Wako waandishi wetu wanaolipita jambo hili haraka kwa sababu mwisho wake ulikuwa mzuri: mtoto wa mkulima akawa waziri, akawa jemadari, akawa mjenzi mkuu. Kweli, wako waliofika huko. Lakini wewe mzazi unayesoma ukurasa huu, ukiwa umempakata mwanao ukisubiri adhana ya Magharibi, hebu jiweke mahali pa yule baba wa Ağırnas. Mwanao amepanda farasi na askari, wala hujui kama utamuona tena. Sheria ya Kiislamu ilikuwa imewapa watu wa dhimma amani ya nafsi zao na watoto wao, na kwa hakika jambo hili lina mushkili mkubwa mbele ya sheria hiyo. Mimi naona ni dhulma, na uzuri wa misikiti iliyokuja baadaye hauifuti.

Ukisoma hati za zama hizo utaona ameandikwa Sinan bin Abdulmennan. Usije ukadhani hilo ndilo jina la babake. Ilikuwa ni desturi kwa waliosilimu kuandikiwa baba kwa moja ya majina ya mja wa Mwenyezi Mungu: Abdullah, Abdulmennan na mfano wake. Jina la baba halisi likabaki kijijini.

Miaka ya vita

Vijana wapya hawakupewa silaha moja kwa moja. Kwanza walifundishwa kazi za mikono, na Sinan akaangukia useremala. Hili tulishike, maana ndilo lililofungua mlango. Alijua mbao kabla ya kujua mawe.

Kisha vita vikaanza. Alikuwa Belgrade mwaka 1521, akawa Rhodes mwaka 1522, akapigana Mohács mwaka 1526 na akapandishwa cheo baada yake. Mwaka 1529 jeshi lilifika hadi kuta za Vienna na kurudi bila kuuteka mji. Miaka ya 1534 na 1535 akawa katika safari ya Iraq, jeshi likaingia Tabriz na Baghdad. Hivyo vya Iraq, tuseme ukweli, vilikuwa vita vya Waislamu kwa Waislamu, Waothmani dhidi ya Wasafawi wa Uajemi.

Lakini askari huyu macho yake hayakuwa kwa adui peke yake. Kila mji waliopita alikuwa akitizama: kuta zimejengwaje, tao limebebwaje, maji yaletwa mjini kwa njia gani. Aliona majengo ya Warumi, ya Waseljuki, ya Waarabu na ya Waajemi, na hakuna chuo duniani wakati ule ambacho kingempa mafunzo hayo. Tena jeshi lenyewe lilimpa kazi. Wakiwa kwenye Ziwa Van, Lutfi Pasha alitaka kujua habari za adui ng'ambo ya pili, na hapakuwa na chombo. Sinan akaunda merikebu tatu za makasia, akazitia mizinga, akaenda nazo mwenyewe.

Mwaka 1538 ndio mwaka wake. Jeshi lilikuwa likienda Moldavia, likazuiliwa na mto Prut. Kingo zake ni matope matupu. Daraja la kwanza lililojaribiwa likazama. Hapo Lutfi Pasha akamtaja Sinan kwa Sultan Suleiman, na kwa maelezo aliyoyatoa uzeeni, daraja lilisimama kwa siku 13 na jeshi zima likavuka na farasi na mizinga yake. Wewe uliyeona jinsi lori moja linavyoweza kukwama kwenye matope ya barabara ya Garissa msimu wa mvua utaelewa hiyo ni kazi ya namna gani.

Haukupita muda, mkuu wa wajenzi wa dola akafariki. Lutfi Pasha, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, akampendekeza Sinan. Na hapa pana jambo zuri katika kumbukumbu zake alizomsimulia rafiki yake mshairi, Sai Mustafa Çelebi. Anakiri kwamba kuliacha jeshi kulimuuma moyo. Alikuwa na wenzake, alikuwa na cheo, na kesho yake ilikuwa wazi. Kilichomtuliza ni kufikiri kwamba kwa kazi hii huenda akajaaliwa kujenga misikiti mingi, akapata dunia na akhera. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Kwetu mtu wa miaka 50 huanza kuulizwa atastaafu lini.

Kuba ni nini hasa?

Kabla hatujaendelea, vijana wanaosoma hesabu na fizikia wakae karibu. Tuanzie nyumbani. Ushaingia nyumba za kale za mawe kule Lamu? Vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, kama ukumbi wa kupitia. Sababu yake ni boriti. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito la mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita tatu hivi, kwa hivyo fundi anajenga chumba kwa kipimo cha mti wake. Msikitini akitaka nafasi zaidi, inambidi apandishe nguzo nyingi, na nguzo zinazikata safu na kuwazuia watu wasimuone khatibu. Mafundi wa Kilwa walilijua tatizo hili, na ndio maana kwenye msikiti wao mkuu utakuta matao na kuba ndogo ndogo.

Kuba huondoa boriti kabisa. Mawe au matofali yanaegemeana, kila moja linamzuia mwenzake asianguke. Lakini hakuna cha bure. Uzito wa kuba unashuka chini na papo hapo unasukuma nje, kama mtu anayetaka kuchanua miguu. Usipouzuia msukumo ule, kuta zitafunguka na kuba litamwagika. Aya Sofia ya Istanbul, iliyojengwa na Warumi wa mashariki na kumalizika mwaka 537, kuba lake liliporomoka mwaka 558, miaka 21 tu baadaye, na sehemu zake zikaanguka tena katika karne ya 10 na ya 14.

Sinan aliliishi tatizo hili kila siku. Dawa yake ilikuwa ni kuupokea uzito kwa hatua: kuba kubwa linaegemea nusu kuba, nusu kuba inaegemea ndogo zaidi, mpaka uzito unafika ardhini kwa upole. Vile vinara vinene unavyoviona kuzunguka kuba, ukadhani ni mapambo, ni mizigo. Vinakandamiza nguzo kwa juu ili msukumo wa pembeni ugeuzwe uelekee chini. Na mawe muhimu aliyafunga kwa vyuma, akamimina risasi iliyoyeyushwa ili vyuma visichezecheze.

Msikiti wa baba aliyefiwa

Mwaka 1543 Sultan Suleiman alifiwa na mwanawe Mehmed, kijana wa miaka 22 hivi ambaye wengi walimtarajia arithi kiti. Sultan aliyetetemesha Ulaya hakuweza kumzuilia mwanawe ugonjwa wa siku chache. Akamuamrisha Sinan ajenge msikiti kwa jina la marehemu, na ulimalizika mwaka 1548. Waturuki wauita Şehzade, msikiti wa mwana wa mfalme. Kuba moja katikati, nusu kuba nne pande zote, kila upande sawa na mwenzake. Ukiutizama wauona umetulia.

Sinan mwenyewe anasimuliwa kuwa aliuita huo kazi yake ya uanafunzi. Mwanafunzi wa karibu miaka 60!

Ulifuatia Süleymaniye, uliojengwa kuanzia 1550 hadi 1557, juu ya kilima kinachoitazama bahari. Kuba lake lina urefu wa mita 53 hivi kutoka chini. Lakini tusiangalie msikiti peke yake. Kuuzunguka palijengwa madrasa, chuo cha udaktari, hospitali, hamamu, nyumba ya wageni na jiko la kulishia wanafunzi, wasafiri na masikini. Mpango mzima ulikuwa ni waqfu. Vitabu vya mishahara ya kazi hiyo vimehifadhika hadi leo, na vyaonyesha kwamba karibu nusu ya mafundi walikuwa Wakristo, waliolipwa ujira wao pamoja na Waislamu. Vyaonyesha pia sehemu ndogo ya kazi ilifanywa na watumwa wa merikebu. Hilo nalo ni sehemu ya habari.

Wakati wa ujenzi, wenye vijicho walimpelekea Sultan maneno: ati kuba halitasimama, ati mzee amechanganyikiwa na anashughulika na kazi nyingine. Sultan akaja kwa hasira mpaka kwenye jukwaa na kumuuliza kazi itamalizika lini. Sinan akajibu: miezi miwili. Waliokuwapo walidhani kweli amerukwa na akili. Akakusanya mafundi wote wa mji, wakakesha, na miezi miwili ilipotimia akamkabidhi Sultan ufunguo. Sultan akauliza ni nani mwenye haki zaidi ya kuufungua mlango. Akaambiwa ni Sinan. Basi akamrudishia ufunguo, na yule mtoto wa Ağırnas akafungua.

Hapa nitoe tahadhari ndogo kwa wale wanaopenda kusambaza visa. Kuna kisa maarufu kwamba mafundi wa zama zetu walipokuwa wakikarabati tao la msikiti mmoja wa Sinan walikuta chupa ndani ya jiwe, na ndani yake barua aliyoiandika kuwaelekeza jinsi ya kulibadilisha. Kisa ni kitamu, lakini barua yenyewe haijawahi kuonyeshwa. Kingine kinasema alikutwa akivuta shisha ndani ya Süleymaniye ili asikilize mwangwi wa maji yake. Tumbaku ilienea Uturuki baada yake, kama mwaka 1600. Mtu wetu ana sifa za kutosha, hana haja ya kuongezewa. Ya kweli ni kwamba ndani ya makuba alipachika vyungu vitupu, midomo wazi, ili sauti ya imamu iende vizuri pasi na kipaza sauti.

Maji

Tukisema Sinan twafikiria misikiti, ila mimi nikiulizwa kazi yake kubwa ni ipi nitajibu ni maji. Mji wa Istanbul ulikuwa ukikua na visima havikutosha. Kuanzia mwaka 1554 alianza mradi wa Kırkçeşme wa kuyaleta maji kutoka misitu ya kaskazini kwa mifereji yenye urefu wa kilomita 50 na zaidi. Hakuna pampu wala mota. Maji yateremka yenyewe, kwa mteremko mdogo mno ambao mtu lazima aupime bonde kwa bonde. Ukizidisha mteremko maji yanabomoa mfereji, ukipunguza yanasimama. Penye bonde akajenga daraja la matao, maji yapite juu.

Tarehe 20 Septemba 1563 mvua ikanyesha kama gharika. Sultan mwenyewe alikuwa mawindoni na akanusurika kwa tabu. Madaraja ya maji yakaharibika, kazi ya miaka ikaenda na mto. Sinan alikuwa na zaidi ya miaka 70. Akaanza upya. Daraja la Mağlova alilolijenga tena ndilo, kwa macho ya wahandisi wengi, kazi yake safi kuliko zote za maji: orofa mbili za matao, mita 36 kwenda juu, na nguzo zake zimepanuliwa chini kama miguu ya mtu aliyejiandaa kusukumwa. Alijifunza kwa mafuriko. Limesimama hadi leo.

Utaliona jambo hilo hilo Büyükçekmece, daraja la mita 636 lililokamilika mwaka 1567, na Višegrad kule Bosnia, daraja la matao 11 juu ya mto Drina lililokamilika mwaka 1577. Askari wa mto Prut hakuacha kujenga madaraja.

Baba na ukoo wake

Kwa nini basi nimemwita mzazi katika kichwa cha makala? Kwa sababu hati zake za waqfu zipo, na ndani yake tunamkuta mtu wa nyumbani. Mabinti zake, Neslihan na Ümmihan, wametajwa. Mwanawe wa kiume, Mehmed, ametajwa kuwa ni shahidi. Jina lile lile la mwana wa Sultan. Yaani Sinan naye alikuwa baba aliyefiwa, lakini hakuna msikiti mkubwa uliojengwa kwa jina la Mehmed huyu. Kuna neno moja tu ndani ya hati ya babake.

Waqfu wenyewe ulikuwa wa nyumba na maduka, ambayo kodi yake iliendesha msikiti mdogo mtaani kwake, shule ya watoto ya kusomea Qur'ani, na chemchemi za maji. Moja ya chemchemi hizo haikuwa Istanbul. Aliijenga Ağırnas, kijiji alichochukuliwa.

Na kuna hati nyingine ambayo ndiyo iliyonifanya nitake kuandika makala haya. Baada ya dola kukiteka kisiwa cha Cyprus mwaka 1571, ilitolewa amri ya kuzihamishia familia nyingi huko kutoka Anatolia, pamoja na upande wa Kayseri. Miongoni mwa watakaohamishwa walikuwa jamaa wa Sinan, Wakristo, watu wa Ağırnas. Mzee wa miaka zaidi ya 80, Muislamu kwa miaka zaidi ya 50, mkuu wa wajenzi wa dola yote, akasimama mbele ya Sultan kuwaombea. Amri ya kuwasamehe imeandikwa mwezi 7 Ramadhani mwaka 981 Hijria, ambayo ni tarehe 31 Disemba 1573. Wakabaki majumbani mwao.

Fikiria. Alichukuliwa kwao akiwa kijana, akabadilishiwa jina, dini, lugha na mji. Miaka 60 baadaye bado awajua jamaa zake kwa majina, na wao wanajua wa kumkimbilia. Kuunga kizazi hakukukatwa na kutofautiana dini, na alilitimiza hilo katika mwezi huu huu tuliomo. Wako kwetu vijana waliosilimu ambao huambiwa na wasiojua kwamba mama na baba zao sasa ni watu baki. Kisomeni kisa hiki mara mbili.

Mwisho wa kazi

Mwaka ule ule wa 1573, Sinan alikuwa Edirne akijenga Selimiye kwa amri ya Sultan Selim wa Pili. Anasimulia kwamba maneno ya mafundi Wakristo, kwamba hakuna Muislamu atakayeweza kujenga kuba kama la Aya Sofia, yalikuwa yamemkaa moyoni. Selimiye ndilo jibu lake: kuba lenye upana wa mita 31 na kitu juu ya nguzo nane, na minara minne inayofikia mita 70. Alijiona amewashinda. Tukipima kwa haki, kwa upana yako karibu sawa, na kwa kimo kutoka chini Aya Sofia yazidi. Ila ya Sinan haikuwahi kuporomoka. Na mwaka huo huo, tazama uungwana wa kazi, alikuwa akisimamia pia kuitia Aya Sofia yenyewe mihimili ya nje ili isianguke. Sultan Selim hakuwahi kuswali katika msikiti wake. Alifariki Disemba 1574, msikiti ukafunguliwa mwaka 1575.

Mwaka 1584, akiwa na miaka 90 na zaidi, Sinan alikwenda Hija. Huko alikuta mapaa ya mbao ya kuzunguka Msikiti Mtukufu wa Makka yameshabadilishwa kuwa makuba madogo ya mawe, kazi iliyofanywa miaka ya 1570 na inayohusishwa na jina lake.

Miaka hiyo hiyo, pwani yetu nayo ilimwona Muothmani. Mir Ali Bey alikuja na chombo chake mwaka 1585, akapokewa na miji ya Waswahili iliyochoshwa na Mreno, kisha akarudi tena kukita Mombasa. Machi 1589 Wareno walimshinda na kumteka hapo hapo Mombasa, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus. Wakati huo Sinan alikuwa ameshaondoka. Alifariki mwaka 1588, akiacha orodha ya kazi zaidi ya 300: misikiti, madrasa, hamamu, hospitali, madaraja, na majiko ya kulishia masikini. Mwanafunzi wake, Mehmed Ağa, ndiye aliyekuja kujenga ule msikiti wa minara sita ambao watalii wauita wa Buluu, kuanzia mwaka 1609.

Kaburi lake alilijenga mwenyewe, kwenye pembe nyembamba ya barabara nje ya ukuta wa Süleymaniye. Halikupewa kuba kubwa. Mwaka 1935 wasomi wa serikali ya Uturuki walilifukua ili wapime fuvu la kichwa chake na kuthibitisha ni wa damu gani, Mturuki au si Mturuki. Fuvu likachukuliwa, na halijaonekana tena. Swali walilomuulizia mifupa, yeye alikuwa ameshalijibu kwa chemchemi ya Ağırnas na ombi la Ramadhani ya 981.

Mbele ya kaburi, kwenye ncha kabisa ya ile pembe, aliweka sebuli, kidirisha cha kugawia maji, ili mpita njia anyooshe mkono apewe kikombe bure. Ramadhani usiku, taa za maandishi hutundikwa kati ya minara ya Süleymaniye juu yake, na watu waliotoka tarawehe hupita barabara ile wakiteremka kuelekea bandarini.